Saa Moja na Nusu Hadi Lindi

Kasiani alikuwa mpakia mizigo katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na makazi yake Yombo. Kazi hiyo ilimpa jina zaidi kwao Lindi kuliko hapo mjini. Mama yake, Yustina, kila aliposikia mngurumo angani aliwaambia majirani, "Haya ndiyo madege anayoshughulika nayo mwanangu."

Masika ya mwaka 1955, siku ya Jumatatu, Kasiani alipata simu ya maandishi kutoka kwa dada yake Mauwa: MAMA HOI NJOO UPESI.

Barabara ya kusini ilikuwa imekatika Rufiji, kama kila masika. Lakini ndege ya Lindi ilikuwa inaruka kesho yake saa moja asubuhi; saa mbili na nusu ingekuwa imeshatua. Wenzake wakamchangia nauli. Mwishehe, aliyekuwa akipakia naye, akamvulia koti lake ili asipande na nguo za kazi.

Alfajiri ya Jumanne, karani wa tiketi hakuinua hata uso.

"Imejaa."

"Bwana karani, mizigo nimepakia mie mwenyewe. Abiria ni sita tu, Wazungu watupu, na viti ishirini na kimoja."

"Nimesema imejaa. Ondoka hapa."

Kasiani alisimama na lile koti la watu, akaitazama ndege ikipita juu ya minazi ya Kipawa mpaka ikapotelea kusini. Hakurudi kazini. Siku ileile alidandia lori hadi Kibiti, kutoka hapo akatembea kwenye tope hadi mtoni. Rufiji ilikuwa imefura. Alingoja siku mbili ndipo akapata mwenye mtumbwi aliyethubutu kumvusha. Ng'ambo hapakuwa na gari. Alitembea, akalala vibandani kwa watu asiowajua, akapata lori karibu na Kilwa, likakwama, akatembea tena.

Alifika Lindi Jumatano ya wiki ya pili, miguu imevimba. Mauwa alikuwa mlangoni, amejifunga kaniki.

"Tumemzika Ijumaa," alisema.

Kasiani akakaa chini palepale kizingitini. Mauwa akamletea maji, akamkalia karibu.

"Jumanne alinituma uwanjani nikupokee. Alhamisi akanituma tena. Nikirudi peke yangu ananiuliza, 'Hakushuka?' Namwambia labda ndege ijayo. Kaka, wewe uko hukohuko kwenye ndege. Kwa nini hukupanda?"

Alitaka kumweleza habari za karani, na vile viti kumi na vitano vilivyokwenda vitupu. Akaona aibu, kana kwamba kosa ni lake.

"Sikupata nafasi, dada."

Mauwa aliitazama miguu yake iliyovimba. Akaingia ndani kumpashia maji ya kukanda miguu.

Aliporudi Dar, kazi yake alishapewa mtu mwingine. Akaenda kuponda kokoto Kunduchi. Nauli ya wenzake aliwarudishia yote, na koti akalifua kabla ya kumpelekea Mwishehe. Lindi hakwenda tena.