Siku Niliyotangaza Riba kwa Kiswahili

Mwaka wangu wa pili nikiwa gavana wa benki kuu, bei za vyakula zilipanda mpaka watu wakaanza kununua unga wa kupimiwa kwa kikombe badala ya pakiti. Kamati yetu ikapandisha riba, nami nikasoma taarifa kwa Kiingereza, kama walivyofanya wote walionitangulia. Jioni mama alinipigia simu kutoka kijijini kwetu Chawia.

"Nimekusikia redioni," akasema. "Umeongea vizuri. Sasa ulisema nini?"

Nilijaribu kumweleza, nikakwama. Nilikuwa nimesomea uchumi mpaka shahada ya tatu, safari iliyoanza kwa karo ya kabichi na pilipili hoho za mama huyu huyu, na sikuweza kumwambia kazi yangu ni nini. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya mawaziri.

Kwenye mkutano uliofuata niliwaambia wenzangu kwamba tangazo lijalo litasomwa kwa Kiswahili kwanza. Naibu wangu, mtu makini niliyemheshimu sana, alipinga.

"Masoko yatatuelewa vibaya," akasema.

"Masoko gani?" nikamwuliza.

Akacheka. Tulikaa siku tatu tukitafuta maneno. Neno "mfumuko wa bei" tulikuwa nalo tayari. Mengine ilibidi tuyaseme kwa kirefu, na hapo tukagundua kwamba sentensi mbili tulizozirudia miaka yote hazikuwa na maana kwa lugha yoyote. Tukazifuta.

Tulipopandisha riba mara ya pili, niliisoma taarifa, kisha nikashuka Voi kujibu maswali sokoni. Mama mmoja muuza nyanya ndiye aliyetangulia.

"Gavana, maji yatafika kwetu Mraru lini?"

Watu wakampigia makofi. Nikaeleza kwamba mimi si gavana wa kaunti, ni wa benki kuu.

"Haya, wewe wa benki. Umepandisha riba, mwenye lori amepandisha nauli. Mimi nipandishe nini?"

"Kwa sasa utaumia, sitakudanganya," nikamjibu. "Lakini mkopo ukiwa ghali, watu hupunguza kununua kwa pesa za kukopa, na bei huacha kukimbia. Nipe mpaka mvua za vuli."

"Na bei zisipotulia?"

"Nitarudi hapa hapa unisute mbele ya watu."

Ndani ya gari naibu wangu alinikumbusha kwamba hakuna mchumi mwenye akili zake anayetoa ahadi ya aina hiyo. Alikuwa sahihi. Miezi ile nilikula kwa shida.

Mvua zilinyesha vizuri, na hilo lilitusaidia, nakiri. Lakini riba nayo ilifanya kazi yake. Bei zilitulia, na unga ukashuka. Nikarudi Voi kama nilivyoahidi.

"Wewe wa benki," akasema yule muuza nyanya. "Unga tumeuona. Nauli ya lori bado."

"Hiyo sina mamlaka nayo."

Akawaita wenzake, akaniambia niwaeleze tena habari ya riba. Sijamaliza sentensi ya kwanza, akanikatiza na kuieleza mwenyewe kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, vizuri kuliko mimi na naibu wangu pamoja. Wanawake wale wakamwuliza maswali, naye akayajibu yote. Nilisimama pale, viatu vimejaa vumbi jekundu, nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Muhula wangu ulipokwisha, niliteuliwa kwa wa pili. Nimeshastaafu sasa, na taarifa ya riba bado husomwa kwa Kiswahili kwanza.