Amina ya Alhamisi

Jumamosi, tarehe ishirini, mwezi wa saba. Baridi. Manyunyu tangu alfajiri, jua halijaonekana tangu Jumatano.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari siku tuliyopaswa kuhama Ruiru kwenda Pwani, na chini ya hapo ukurasa ni mtupu. Nilikuwa nimeketi juu ya mtungi wa gesi, kalamu mkononi, nikimngoja mke wangu. Mwaka na zaidi umepita. Najaza ukurasa huo sasa nikiwa huku Pwani, na sina uhakika kama nitaujaza kwa haki. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, kisha nikaenda kiwandani. Najaribu kusema vile ilivyokuwa bila kujipendelea. Ama labda najipendelea na sioni.

Tulikuwa tunakaa Mugutha, mtaa wa Ruiru, nyumba ya chini katika ploti ya nyumba sita. Miaka kumi na tisa. Watoto wetu wawili walikulia hapo wakaondoka, kila mmoja na kazi yake. Mke wangu ni fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa dirishani, na watoto wengi wa shule za karibu walivaa sare aliyoshona yeye. Mimi nilikuwa fundi wa mashine Thika mpaka kiwanda kikanistaafisha. Baada ya hapo nilishinda nyumbani nikisikiliza fleti zikijengwa. Moja ilipanda mbele yetu, nyingine nyuma, mpaka tukawa tunawasha taa mchana. Sisemi Ruiru ni mbaya. Ruiru ilitulisha. Lakini nilikuwa silali.

Kuna mwenzangu tuliyefanya kazi pamoja kiwandani, mtu wa Pwani, aliyerudi kwao akaweka mashine ya kusaga unga. Ilipoharibika akaniita. Nilikaa huko siku nne. Mji ni mdogo: lami inaisha, inakuja barabara ya mchanga, nayo inaisha, na hapo ndipo mji. Msikiti, maduka matatu, shule, na kanisa dogo la mabati la walimu na askari waliotoka bara. Chumvi inakula kufuli. Saa saba mchana kila kitu kinafungwa watu walale, na mimi nililala nao, usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miaka. Siku ya tatu rafiki yangu akasema nyumba iliyo nyuma ya mashine iko wazi, nije niwe fundi wake. Sikusema nitaenda kuuliza. Nilisema, "Tutakuja."

Niliporudi sikumwambia mke wangu siku ya kwanza, wala ya pili. Nilikuwa natafuta maneno. Alhamisi ya wiki hiyo, mwezi wa pili, ikawa zamu yetu kukaribisha ushirika wa maombi. Watu walijaa mpaka wengine wakaketi kitandani. Chai ilipoisha, kiongozi akauliza kama kawaida nani ana jambo la kuombewa. Mmoja akataja mguu wake, mwingine kijana wake anayetafuta kazi. Ikafika kwangu. Nikasimama nikasema, tuombeeni, Mungu akipenda tunahamia Pwani.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Hilo ni kweli. Lakini pia najua ni kwa nini nilipata ujasiri hapo na si jikoni. Mbele ya watu waliokuja kuomba, hakuna ambaye angeniuliza kwa nini. Walifunga macho wakaomba kwa sauti, wakaombea safari, wakaombea makao mapya, wakaombea mikono ya mama huyu ipate kazi huko aendako. Mwishowe wote wakasema Amina. Mimi nilikuwa nimefungua jicho moja. Nilimwona mke wangu amesimama na kikombe cha mgeni mkononi, na midomo yake ikasema Amina. Nikaichukua Amina hiyo nikaihifadhi kama mtu anavyohifadhi hati ya shamba.

Baada ya hapo hakubishana. Nikisema tuuze kabati, anasema sawa. Nikisema tuhame mwezi wa saba, anasema sawa. Kanisa lilituaga kwa zawadi, na kwa vile kwetu mtu akihama hupewa blanketi, tulipewa blanketi nne nzito, tuende nazo mahali ambapo watu hulala na madirisha wazi. Alizikunja bila kucheka. Huyu ni mwanamke anayecheka hata mazishini, akikumbuka vituko vya marehemu. Ningetakiwa kuogopa hapo. Sikuogopa, nilifurahi kwamba mambo yanaenda.

Sasa Jumamosi yenyewe. Alitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda Kamenu, Thika, kumuaga dada yake mkubwa. Alisema atarudi saa tatu. Loli ilifika saa mbili, nikapakia na dereva pamoja na jirani mmoja. Saa nne tulikuwa tumemaliza. Nikapiga simu yake. Imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa.

Dereva alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu, mpole kwa saa ya kwanza.

"Mzee, mimi nataka kupita Mtito na mwangaza," akaniambia. "Mama ameenda kuaga dada ama ameenda kuaga Thika yote?"

Majirani walikuwa wamesimama milangoni na vikombe vya chai. Walikuwa wametoka kupunga mkono, na sasa hawakujua waingie ndani ama waendelee kusimama. Mmoja aliniuliza mara mbili kama Mama yuko salama. Nilimjibu yuko salama, na nikasikia sauti yangu ikijibu haraka sana.

Saa tano wakaja wapangaji wapya. Msichana aliyebeba mtoto mgongoni, na mumewe akisukuma mkokoteni wenye godoro lililofunikwa nailoni. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye nailoni.

"Guka, kwani hamjatoka?" msichana akauliza, akiniita babu kwa lugha ya kwao. Hakuuliza kwa ubaya. Mtoto alikuwa anakohoa. Nikawaambia waingie. Wakaweka televisheni yao chini, mahali pale pale yetu ilipokuwa, nikawa mgeni katika nyumba niliyolala usiku uliopita.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, cherehani. Mke wangu alikuwa amesema niiache, ataifunga mwenyewe. Lakini msichana yule alihitaji dirisha, kwa hiyo nikaiinua. Droo ikateleza, kikaanguka kitabu chake cha vipimo. Si changu. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukifungua. Nilikifungua.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na watoto watatu: kifua, bega, urefu wa sketi. Wino ulikuwa wa kalamu niliyomnunulia Jumatatu ya wiki hiyo hiyo. Na chini ya kila mtoto alikuwa ameandika, kwa ule mwandiko wake mnyoofu: achukue wiki ya mwisho ya Agosti.

Nilisoma mara tatu. Mtu anayehama Jumamosi hapokei kazi ya mwisho wa Agosti. Wala hakuwa amekificha. Kitabu kilikuwa kwa droo, na droo haina kufuli. Angeweza mtu yeyote kukisoma wiki hiyo yote, kama angetaka kujua.

Nikampa msichana ufunguo. Nikapandisha cherehani kwenye loli, nikamwambia dereva twende Kamenu.

"Kamenu iko nyuma, Mzee. Bahari iko huku."

Nikamwambia najua. Akanitazama, akawasha gari. Njiani nilikuwa najaribu kupanga nitakachosema na kila nilipofika katikati nilikuta ninamlaumu. Kwamba angesema. Kwamba alikuwa na miezi mitano. Na hilo ni kweli pia, angeweza kusema. Lakini kila nikifika hapo nilikuwa narudi kwenye kile kikombe cha mgeni mkononi mwake.

Dada yake ni mjane, mwenye ulimi. Alitoka nje akakuta loli imeziba lango lake.

"Shemeji," akasema, "mbona? Mimi sijaagiza fanicha."

Nikamuuliza kama yuko. Akanionyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya bati, akimenya viazi. Hakusimama. Aliniuliza kama nimefunga bomba la jikoni, kwa sababu linavuja. Nikamwambia nimefunga. Nikaketi juu ya jerikani. Manyunyu yalikuwa yanagonga bati.

"Nimeona kitabu chako," nikasema.

"Umekifungua."

"Nimekifungua."

"Basi umesoma."

Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba siku ile ya ushirika alisema Amina. Nilimwona kwa macho yangu. Akaweka kisu juu ya paja.

"Watu wamejaa kwa nyumba yangu," akasema polepole, "wamefunga macho, wanaombea safari yangu ambayo mimi mwenyewe nimeisikia dakika hiyo. Wewe ungesema nini? Ungesema hapana, kwa Mungu?"

Nikaanza kuokota maganda chini.

"Ningeongea baadaye, najua," akaendelea. "Kila siku nilisema kesho. Nilikuwa nangoja uniulize, na wewe ulikuwa unaniuliza tu kabati tuuze ama tusiuze. Sasa niulize. Si mbele ya watu."

Dada yake, aliyekuwa mlangoni, akachukua beseni akaingia ndani.

Nimekaa kwenye ndoa na mwanamke huyu miaka zaidi ya thelathini, na nilivua kofia kama kijana anayeposa. Nikamuuliza kama atakubali kuja na mimi kukaa Pwani. Alichukua kiazi kingine akakimenya mpaka mwisho, ganda moja refu bila kukatika, ndipo akajibu.

"Hapana."

Nikaangalia chini.

"Kukaa, hapana," akasema. "Kuja kuona, nitakuja. Wewe uliona siku nne peke yako ukaamua zinatosha watu wawili. Nitamaliza hizi sare za watu, halafu nije niangalie kwa macho yangu. Nikipenda nitakaa."

"Na usipopenda?"

"Nitarudi kwa cherehani yangu. Na wewe utaamua yako."

Nilitaka kusema mambo mengi. Nilisema sawa. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kwangu kuelekea kwake tangu mambo hayo yaanze, na nikaonja vile linavyokuwa.

Kwa hivyo tulifungua loli hapo Kamenu, kwa manyunyu, watu wa barabarani wakitazama. Tuligawa. Vya kwake vikaingia kwa chumba cha dada, vya kwangu vikabaki kwenye loli. Haikuwa rahisi kujua kipi ni cha nani. Kitanda nilimwachia, nikachukua godoro la watoto. Redio alisema niende nayo. Sufuria kubwa tuliishika wote wawili kila mtu upande wake, kisha akaiachilia, kisha nikairudisha kwake. Tulipofika kwa blanketi za kanisa alizitazama zote nne, na hapo hatimaye akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Dereva, aliyekuwa ameketi kwenye tairi la akiba, akauliza, "Mzee, hii ni talaka ama ni kuhama? Nijue vile nitafunga kamba." Mke wangu akamwambia afunge kwa yote mawili.

Alikuja Septemba, na begi moja, kama mgeni. Rafiki yangu alimpokea vizuri. Wiki ya kwanza alilalamikia maji, ambayo ni ya chumvi kidogo, na alikuwa na haki. Wiki ya tatu wanawake wa hapa walimletea nguo za kupunguza, akazishona kwa mkono kizingitini. Tangu wakati huo amerudi Kamenu mara tatu, na mara tatu amekuja tena. Leo yuko hapa. Cherehani yake iko Kamenu bado, imefunikwa kwa kitambaa cha meza, dada yake huniambia kwa simu. Sijamuuliza mke wangu juu ya cherehani hiyo. Sijui kama kutouliza huku ni heshima, ama ni ule uoga wangu wa zamani umevaa nguo mpya. Nimemwonyesha ukurasa huu. Alisema nimejilaumu mahali ambapo sikukosa na nimejisamehe mahali nilipokosa, lakini hakuniambia ni wapi. Nimemwachia nafasi hapo nyuma aandike yake. Hajaandika.

Siku ile tulimaliza kugawa giza likiingia, na dereva akakubali kulala Kamenu, tuondoke kukipambazuka. Jioni hiyo tulikula mukimo, vile viazi alivyomenya vikiwa vimepondwa na mahindi, na kabeji, watu wanne. Tulikula kwenye sahani za dada yake, maana zetu hakuna aliyejua ziko upande gani.