Majivu ya Kikanda

Nilikuwa ninapiga pasi mashati ya watoto, jirani alipoita kutoka uani: mama muuza kikanda wa langoni amemshtaki mke wa mwanawe kwa mzee wa kambi, kwa kuiba siri yake ya upishi. Niliacha pasi, nikaenda.

Kikanda, ule mkate wa karanga na mizizi ya porini, tunaujua sote. Tusichojua ni majivu ya mmea gani yanayofanya wa mama huyu ushikamane vile. Sasa mkwe naye alikuwa anauza, upande wa pili wa lango.

"Aliniibia, papa!" mama alimlilia mzee.

"Aliiba nini? Taja ile majivu mbele ya bantu, niamue," mzee akasema.

Sisi watu tulisogea, shingo mbele. Mama akatikisa kichwa: hataji.

Mzee akamgeukia mkwe. "Basi weye, muke ya mutoto, sema."

Mkwe alitutazama, akakaza kitambaa kiunoni. "Hapana, papa. Ile iko ya nyumba yetu."

Mama mkwe akamsogelea. "Leta beseni yako huku," akasema. "Utaikala pembeni yangu pale langoni."

Waliorudi mikono mitupu ni sisi majirani, tuliokuja eti kusikiliza kesi. Nilirudi nyumbani nikasonga bukari, ugali wetu wa jioni. Watoto wangu wote sita walikuwapo mezani, na baba yao, na hakuna aliyeuliza mboga yangu imepikwaje.