Mama Suuza na Kichwa cha Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Mama Suuza, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Walimbandika wateja waliokasirika. Mtu amekaa kwenye kiti cha saluni, dawa ya kulainisha nywele ndiyo kwanza imeanza kushika, mara anashikwa mkono na kuburutwa hadi kwenye sinki, huku akilalamika kwamba bado, bado, hazijanyooka! "Kichwa hakina spea," Mama Suuza hujibu, na bomba linafunguliwa.

Shida ya kazi yake ilikuwa uongo. Dawa ikianza kuunguza, mwenye kichwa anatakiwa aseme ili asuuzwe upesi. Hasemi ng'o! Sijui ni nani aliyewadanganya wanawake kwamba dawa isipochoma haijafanya kazi. Huyo mtu angepakwa yeye kwanza. Ukimuuliza mteja, "Inawasha?" anakujibu, "Wala!" na machozi yanamlengalenga.

Basi Mama Suuza akaacha kuuliza, akawa anachekesha. Kila aliyepakwa dawa alipigiwa visa: mara mumewe aliyepanda juu ya meza kwa kuogopa panya, mara jogoo wa jirani anayewika saa nane mchana. Kichwa kikiwa salama, mtu hucheka papo hapo. Kikianza kuungua, kicheko huchelewa, maana nani atasikiliza masihara huku utosi unawaka? Kicheko kikichelewa tu, sinki. Ndiyo sababu saluni ile ilisikika kwa vicheko kutoka mbali, na hakuna aliyetoka mle na vidonda.

Mtu mmoja hakuwahi kukanyaga pale, naye ni mama mkwe wake. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mnyoofu kama rula, kilemba hakimtoki kichwani. Kila ukoo ulipokutana alisema bila kupunguza sauti, "Mwanangu ameoa mchoma vichwa." Na akaongeza kwamba mwanamke anayelainisha nywele anajikana mwenyewe. Siku hizo hata wasichana walikuwa wanasema hivyo hivyo, hadi wateja wengine waliingia saluni wamejitanda na kuomba pazia livutwe, kana kwamba wamekuja kuiba.

Kuhusu madhara, Mama Suuza hakubishana na mtu. Madaktari walikuwa wanaonya redioni kwamba dawa hizi si za kuchezea, naye aliwasikia. Watoto hakuwapaka, wajawazito hakuwapaka, na mwenye kidonda kichwani alimrudisha nyumbani kwake. Lakini kuitwa mchoma vichwa mbele ya wakwe kulimuuma kwelikweli.

Asubuhi moja ya siku ya mapumziko alikuwa peke yake saluni, anafua taulo. Mlango ukagongwa.

"Hodi."

"Karibu, tumefunga... Mama! Shikamoo."

"Marahaba. Rudishia mlango. Na hilo pazia."

Mama mkwe akaketi, akafungua kilemba. Nywele zilikuwa nyeupe, nzito, zimesokotana kwa afya.

"Kitinda mimba wangu anaolewa Jumamosi," alisema. "Nataka zilale. Mara moja tu maishani. Tangu nikiwa msichana naitwa Pilipili, nimechoka. Na usiniulize kitu."

Kumbe! Miaka yote ile ya kuwasema watu ilikuwa sizitaki mbichi hizi. Mama Suuza aliuma midomo asicheke. Akamkagua kichwa chote kwa ncha ya kitana, akampaka mafuta mazito masikioni na pembezoni mwa paji la uso, akavaa glavu.

"Umejikuna leo, Mama?"

"Sijajikuna."

"Ikianza kuwasha, niambie."

"Mimi si mtoto."

Akaanza kupaka dawa. Kichwa hiki kikiungua, ukoo mzima utakiona harusini, na lile jina la mchoma vichwa litamfuata hadi kaburini. Sasa amjuaje mama huyu akiungua? Mkwe hataniwi. Hata hivyo alijikaza, akaanza kile kisa cha jogoo.

"Kisha?" mama mkwe aliuliza kilipokwisha.

"Kisha basi, Mama."

Balaa gani hili! Mtu asiyecheka hata akiwa mzima utajuaje kwamba ameacha kucheka? Mama mkwe alikaa wima, mikono imeshika kiti, macho kwenye kioo. Labda anaungua, labda ndivyo anavyokaa siku zote.

Ndipo Mama Suuza akakumbuka jambo moja ambalo mama mkwe hajawahi kuliacha lipite. Mchuzi. Ukisifia mchuzi wa mtu mwingine mbele yake, atakujibu kabla hujameza.

"Mama," alisema, roho mkononi, "jana mwanao amesema mchuzi wangu sasa umeupita wako."

Kimya.

"Na wajukuu wamekubali."

Kimya!

"Mungu wangu!" Akamnyanyua mkwe wake kitini bila kuomba ruhusa, heshima baadaye, akamwinamisha kwenye sinki na kufungua maji hadi mwisho. Maji yalipiga utosi, mabega ya yule mama yakashuka. Akatoa pumzi ndefu. Kisha sauti ikatoka chini ya bomba:

"Mchuzi upi? Ule wa maji matupu?"

Mama Suuza alicheka hadi akamwaga shampuu.

Baadaye, nywele zilipokauka, mama mkwe alijigeuza mbele ya kioo huku na huku.

"Hazikunyooka."

"Hazikunyooka, Mama. Ningeziacha zaidi ungekwenda harusini na malengelenge."

"Lakini zimelala kidogo."

"Zimelala, Mama. Zina mawimbi."

Akazigusa na kuzigusa tena. "Zinatosha," alisema. Halafu, "Mwanangu kweli kasema hayo ya mchuzi?"

"Hapana, Mama. Nisamehe. Nilikudanganya nijue kama unaungua."

Mama mkwe alimtazama kwenye kioo. "Na mimi nilikudanganya. Hapa pamewasha muda mrefu tu." Akaanza kucheka. Kilianza kama kikohozi, kikaja kicheko kamili, kikamkunja kitini, na Mama Suuza naye akasahau ukwe, akamwegemea begani, wakacheka hadi machozi.

Walipotulia, mama mkwe alipangusa macho.

"Njoo uone. Hapa nyuma ya sikio panauma." Akainamisha kichwa. "Na hapa. Na hapa utosini, polepole."

Tangu aolewe, Mama Suuza hakuwahi kumsikia mwanamke huyu akisema kwamba kuna kitu kinamuuma. Alifurahi, akafurahi tena. Akafungua kopo la mafuta ya kutuliza ngozi, akampaka kila alipoonyeshwa, hata pale ambapo hapakuwa na wekundu wowote.