Miche Iliyolala Ubavu

Naandika haya nikiwa bado na aibu. Mwezi uliopita niliajiriwa kunyunyizia miche maji kwenye maabara moja huku Ruiru. Kila asubuhi nilikuta mikebe ya miche ya maharagwe imelala ubavu. Kwetu Kamenu, mama alitufunza kuinua kitu kilichoanguka bila kungoja kuambiwa. Kwa hivyo niliisimamisha yote, nikamwagilia, nikaenda zangu. Kesho yake nikaikuta imelala tena.

Daktari Wairimu, mwenye utafiti, alikuwa akija jioni nikiwa nimeshatoka. Siku moja tukakutana mlangoni.

"Kuna mtu anachezea miche yangu," akasema.

"Ni mlinzi, daktari," nikajibu bila kufikiri. "Hata mimi amenichosha."

Ijumaa, Mzee Kariuki, huyo mlinzi, akaitwa ofisini kufutwa kazi, nami nikaitwa kama shahidi. Alisimama ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mimi sijagusa, madam," akasema. "Na niko na watoto shuleni."

Daktari akaweka mkebe mmoja mezani, akaulaza taratibu. "Huwa naulaza hivi makusudi," akamweleza. "Nataka kujua seli za mzizi zinatambuaje chini ni wapi, mpaka mzizi ujipinde kuelekea huko. Ukiusimamisha, umeniharibia kazi yote."

Nilisikia kila neno. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika mezani, umeusimamisha ule mkebe, na kidole kinapapasa udongo kuona kama umekauka.

Daktari akaacha kumtazama mlinzi, akanigeukia mimi. Mzee Kariuki akavaa kofia yake.