Fundi wa Mafriji na Njaa ya Kidosho

Wenzangu, nawajua mafundi wengi, ila huyu wa mafriji ndiye peke yake aliyetokwa jasho kwa ajili ya ng'ombe asiyekuwepo.

Ng'ombe mwenyewe, Kidosho, aliishi ndani ya kompyuta, kwenye mchezo wa shamba. Mwenye mali alikuwa mama mkwe wa fundi, aliyemlea miaka minne tangu ndama. Alipokwenda kupasuliwa jicho, alimkabidhi mkwewe kompyuta na maneno machache: "Baba, asubuhi nyasi, jioni maji."

Kwa fundi hilo halikuwa dogo. Miaka sita ya ndoa, mama huyo hakuwahi kumruhusu aguse hata friji lake. Likisumbua, aliitwa fundi mwingine wa mtaa wa pili.

Siku sita alilisha vizuri. Kisha chumba cha baridi cha bucha moja kikagoma, akashinda humo siku tatu, na Kidosho akamtoka kabisa akilini. Siku ya kumi, saa nane mchana, mkewe akapiga simu kutoka hospitali.

"Mama karuhusiwa. Saa kumi tunapitia hapo nyumbani. Cha kwanza kaulizia ng'ombe."

"Mwambie mzima."

"Mzima kweli?"

"We mwambie tu!"

Akawasha kompyuta. Kidosho kalala ubavu, mbavu zote nje, na juu yake imeandikwa: Shibe 3. Katika mchezo ule, ng'ombe akishuka chini ya tano hatafuni tena, anangoja sifuri afe.

Fundi alikuwa na programu aliyopewa na mteja, ya kuchokonoa kumbukumbu ya mchezo. Unaitajia namba, inakuonyesha kila mahali ilipohifadhiwa, nawe unaibadilisha. Akaandika 3. Ikamletea mahali elfu arobaini. Kwa haraka zake akazigeuza zote 100. Kuku wakaota miguu mia mia, jua likachomoza mfululizo kama lina kwikwi, mchezo ukazimika.

Akauwasha upya. Safari hii akafuata maelekezo: tafuta 3, ngoja ishuke, tafuta tena. Yaani ili amponye, ilibidi kwanza amwache azidi kufa njaa.

"Nivumilie, mama," akamwambia ng'ombe.

Shibe ikashuka 2. Pakabaki mahali pamoja. Akaandika 100, na 100 ikang'aa juu ya Kidosho, naye yuko palepale, nzi puani. Dakika moja baadaye, 2 ileile.

Hapo fundi akacheka, maana ugonjwa huo aliujua. Mteja wake mmoja alibandika kipimajoto kwenye barafu, akalisifu friji lake, huku maziwa yanachacha rafu ya chini. Ile 2 ilikuwa kipimajoto tu. Labda mchezo hauhesabu shibe inayopungua, bali njaa inayopanda! Akaiomba programu namba yoyote inayopanda shibe inaposhuka. Shibe ikafika 1. Ikabaki namba moja: 98.7. Akaandika 0, akaifunga isibadilike tena. Kidosho akasimama, mnene, anameremeta kama kapakwa mafuta.

Mama mkwe akaingia na bandeji yake, akaketi hata viatu hajavua.

"Kidosho wangu! Mbona umenenepa hivi!"

Akamtupia nyasi. Kidosho akageuza shingo. Akamtupia nyingine. Kidosho akampa makalio.

"Mkwe wangu," akamgeukia, "ng'ombe wangu hanitaki."

Fundi angeweza kunyamaza, sifa alishazipata. Lakini lile jicho zima lilikuwa linalengwalengwa na machozi, na daktari kakataza kulia. Akapiga magoti kando ya kiti.

"Nisamehe, mama. Siku tatu nilimsahau. Nilimkuta anakufa, nikaifunga njaa yake. Sasa haisikii."

Akaifungua. Haukupita muda, Kidosho akageuka, akala nyasi zote, hata zilizodondoka.

Mama akazidi kumlisha, bila kumtazama mkwewe.

"Ulijuaje pa kutafuta?"

"Sikukiamini kipimajoto, mama."

"Yule fundi wangu hukitazama hichohicho, akaondoka." Akatupa nyasi nyingine. "Friji langu linanguruma tangu mwezi uliopita. Kesho uje uliangalie."

Mlangoni, mke wa fundi akaziba mdomo kwa kiganja, haamini.

"Ila hiyo programu yako," mama akaongeza, "iache hukuhuku kwako, usije nayo."