Ugali wa Jirani wa Sheffield

Kila nikifungua kopo la dawa ya kung'arisha chuma hapa kiwandani Fridley, Marekani, harufu hunirudisha Sheffield, mji wa Uingereza uliotengeneza vijiko vingi kuliko nyota.

Siku moja huko, nikiwa mtoto, Mama alikuwa amemwalika bibi jirani, mng'arishaji wa vijiko katika kiwanda cha mji huo. Ugali ulikuwa mkubwa kama mlima, nasi tuliula kwa mikono, ila vijiko vyetu vyote vya wageni vilikuwa vya plastiki.

"Aibu gani hii, mwanangu!" Mama alininong'oneza.

Bibi akakitazama kijiko chake, akakiweka kando, akaenda kunawa.

"Binti yangu, nasugua vijiko kutwa, mwaka wa arobaini huu. Leo nitakula kama nyinyi."

Mama alicheka madirisha yakatetemeka. Bibi akamega tonge kubwa kuliko kichwa changu, kwa vidole vilivyonuka dawa hii hii, hata baada ya sabuni.